Kitu na Taswira Yake: Jinsi ya Kupima Mwendo Katika Kioo Bapa

Taswira ya kitu katika kioo bapa hukaa nyuma ya kioo, kwa umbali sawa na ule uliopo kati ya kitu na kioo, na mstari unaoviunganisha viwili hivyo hukata uso wa kioo kwa pembe mraba. Kanuni hii moja inatosha kueleza kila mwendo unaoonekana kiooni: mtu anayesogelea kabati la nguo, bodaboda inayokuja nyuma ya gari, ndege anayeshuka majini, hata mshale wa saa unaoonekana kurudi nyuma. Ugumu unaowapata wengi hautokani na kanuni yenyewe. Hutokana na kutaja kasi bila kusema imepimwa kutoka wapi. Taswira moja, kwa wakati mmoja, yaweza kuwa na kasi tatu tofauti: ikilinganishwa na ardhi, ikilinganishwa na kioo, na ikilinganishwa na kitu chenyewe.

Katika muhtasari wa Fizikia uliotumika sekondari za Tanzania kwa miaka mingi kabla ya mtaala mpya wa 2023, kioo bapa kilifundishwa Kidato cha Kwanza, mwendo katika mstari mnyoofu Kidato cha Pili, na mwendo wa kulinganisha Kidato cha Tatu. Mada hizo tatu hukutana hapa. Mwongozo huu unazipanga pamoja kwa mifano ya Kitendaguro, kata ya Manispaa ya Bukoba mkoani Kagera, na ya barabara na ziwa vilivyo jirani nayo.

Mahali taswira ilipo

Mwale wa mwanga ukigonga kioo huakisiwa kwa pembe sawa na ile uliyojia nayo, pembe zote mbili zikipimwa kutoka kwenye mstari uliosimama kwa pembe mraba juu ya uso wa kioo. Ibn al-Haytham, mwanazuoni aliyezaliwa Basra mnamo 965 na kufia Kairo mnamo 1040, aliichunguza sheria hii kwa majaribio katika kitabu chake Kitab al-Manazir, na kuonyesha kuwa mwale unaoingia, mwale unaotoka na mstari huo vyote hulala katika bapa moja.

Jicho haliwezi kujua kwamba mwale umekata kona. Huufuata tu ule mwelekeo wa mwisho kinyumenyume, na miale yote iliyotoka kwenye nukta moja ya kitu huonekana imeanzia nukta moja nyuma ya kioo. Hakuna mwanga unaofika pale. Karatasi ikiwekwa nyuma ya kioo haipati picha yoyote. Hata hivyo mahali penyewe ni pa hakika na panapimika kwa rula.

Husemwa kwamba kioo hugeuza kushoto kuwa kulia. Sivyo. Kitendaguro, Ziwa Victoria liko upande wa mashariki. Mtu akisimama kukabili kioo kilichotundikwa kwenye ukuta wa kaskazini, mkono wake wa kulia uko mashariki, na taswira ya mkono huo nayo iko mashariki. Kichwa kiko juu, na cha taswira kiko juu. Kilichogeuka ni uso peke yake: mtu anatazama kaskazini, taswira inatazama kusini. Kioo hugeuza mbele na nyuma, basi. Mwendo nao hufuata utaratibu huohuo. Sehemu ya mwendo inayoelekea kiooni au kukimbia kioo hugeuzwa. Sehemu inayokwenda sambamba na kioo, iwe pembeni au juu na chini, haiguswi.

Kupima kwa njiti mbili

Vifaa vinavyohitajika ni kipande cha kioo bapa cha takriban sm 15 kwa 10, ambacho fundi vioo hukikata kwenye mabaki yake. Vingine ni karatasi nyeupe, rula, penseli, njiti mbili zilizonyooka, moja ikiwa ndefu kuliko kimo cha kioo, na udongo wa mfinyanzi wa kuzisimamishia. Kingo za kioo zisuguliwe kwa msasa kwanza, maana hukata vidole.

Kioo kisimamishwe wima juu ya karatasi, kikiegemea kipande cha mbao. Kabla ya kupima ijulikane mstari wa kipimo uko wapi. Vioo vya kawaida hupakwa fedha au alumini upande wa nyuma wa bamba, na mbinu ya kupaka fedha kwa kemikali ilitolewa na Mjerumani Justus von Liebig mwaka 1835. Kwa hiyo uso unaoakisi hauko mbele. Isitoshe, mwanga hupinda unapoingia na kutoka kwenye bamba, na kwa bamba la mm 3 uso unaoakisi huonekana kana kwamba uko mm 2 tu ndani. Mstari uchorwe hapo: mm 2 nyuma ya uso wa mbele.

Njiti fupi isimamishwe sm 8 mbele ya mstari. Njiti ndefu iwekwe nyuma ya kioo ili ncha yake ionekane juu ya ukingo, ikifuatana na taswira ya njiti fupi. Kisha kichwa kisogezwe taratibu kushoto na kulia. Njiti ya nyuma ikiwa mbali kuliko taswira, itaonekana kuiacha taswira na kuelekea upande uleule kinakokwenda kichwa. Ikiwa karibu kuliko taswira, itaelekea upande wa pili. Isogezwe kidogo kidogo mpaka viwili hivyo visiachane hata kichwa kikienda wapi. Hapo iliposimama njiti ndipo taswira ilipo, na rula itasoma sm 8.

Jaribio lirudiwe njiti fupi ikiwa sm 6, kisha sm 4. Taswira nayo itapatikana sm 6, kisha sm 4. Umbali kati ya njiti na taswira yake utakuwa sm 16, sm 12 na sm 8. Kila njiti inaposogea sm 2, pengo hupungua sm 4. Vipimo vikizidi au kupungua milimita chache, mara nyingi kosa ni mstari uliochorwa kwenye uso wa mbele au kioo kilichoinama.

Mwangalizi anaposogea

Katika jaribio hilo kichwa kilisogea, taswira haikusogea. Mahali pa taswira hutegemea kitu na kioo tu. Jicho haliingii kwenye hesabu. Chombo kilichowekwa mezani mbele ya kioo hubaki na taswira yake palepale, mtu akipita mbele yake au akiinama. Kinachobadilika ni sehemu ya kioo ambayo mwanga hupitia kumfikia mtu huyo, sawa na dirisha ambalo mpita njia huona vitu tofauti vya chumbani kadiri anavyotembea, ilhali vitu vyenyewe vimetulia.

Mambo hubadilika mwangalizi anapokuwa yeye mwenyewe ndiye kitu. Wanunuzi wa makabati ya nguo hurudi nyuma hatua kadhaa wakitarajia kujiona miguu. Haisaidii. Mtu akirudi hatua moja, taswira yake nayo hurudi hatua moja, na kioo hubaki katikati kabisa ya macho na taswira. Kwa hiyo kipande cha kioo kinachohitajika ni kilekile. Mtu wa sm 170 ambaye macho yake yako sm 158 kutoka sakafuni anahitaji kioo ambacho ukingo wake wa chini uko sm 79, nusu ya kimo cha macho, na wa juu sm 164, katikati ya macho na utosi. Urefu huo ni sm 85, nusu ya urefu wake. Kioo cha sm 85 kikitundikwa juu mno hakitamwonyesha miguu hata akirudi hadi mlangoni.

Kitu kinasogea, kioo kimetulia

Hali hii ina sura tatu.

Ya kwanza ni mwendo wa moja kwa moja kuelekea kiooni. Mtu akitembea kwa mita 1.2 kwa sekunde kukisogelea kioo, taswira nayo hukisogelea kioo kutoka nyuma kwa mita 1.2 kwa sekunde. Kasi ya taswira ikilinganishwa na ardhi ni 1.2, ikilinganishwa na mtu ni 2.4. Akiwa mita 3 kutoka kiooni, taswira yake iko mita 6 mbele yake, na wawili hao watagusana baada ya sekunde 2.5, si 5.

Ya pili ni mwendo sambamba na kioo. Mtu anayepita mbele ya duka lenye kioo kirefu ukutani huandamana na taswira yake hatua kwa hatua. Kasi zao ni sawa na mwelekeo ni mmoja, hivyo kasi ya taswira ikilinganishwa na yeye ni sifuri.

Ya tatu ni mwendo wa mshazari, na ndiyo inayokosewa zaidi kwenye mitihani. Dawa yake ni kuugawa mwendo sehemu mbili kabla ya kufanya lolote. Mtu anayekimbia kwa mita 5 kwa sekunde kiasi kwamba kila sekunde anasogea mita 3 kuelekea kiooni na mita 4 kwenda pembeni, taswira yake husogea mita 3 kumjia na mita 4 pembeni pamoja naye. Taswira ina kasi ya mita 5 kwa sekunde vilevile, ila mwelekeo umegeuka. Kasi ya wawili hao kukaribiana haiwi 10. Zile mita 4 za pembeni zinafutana, zinabaki 3 na 3, jumla mita 6 kwa sekunde. Kuzidisha kasi nzima mara mbili ni sahihi katika sura ya kwanza tu.

Kioo kinasogea, kitu kimetulia

Mafundi wawili wamebeba kioo kikubwa wima, uso wake ukimwelekea mtu aliyesimama barazani, na wanamjia kwa mita 1 kwa sekunde. Kioo kikiwa mita 4 kutoka kwake, taswira iko mita 8. Sekunde moja baadaye kioo kiko mita 3 na taswira mita 6. Kioo kimesogea mita 1, taswira mita 2. Kwa mtu aliyesimama, taswira inakuja kwa kasi maradufu ya mafundi. Kwa mafundi wenyewe, inakuja kwa mita 1 kwa sekunde tu.

Mafundi haohao wakigeuka wakabeba kioo ubavuni, kwa namna kwamba kinateleza katika bapa lake lenyewe, taswira haisogei hata kidogo. Fremu itapita, taswira itakatwa na ukingo na kutoweka, lakini mpaka dakika hiyo ya mwisho itakuwa palepale. Kinachohesabiwa ni mwendo wa kioo kuelekea mbele au nyuma ya uso wake peke yake.

Vyote viwili vinasogea

Hali zote zilizotangulia hukusanywa na kanuni moja, inayotumika kwa sehemu ya mwendo iliyo katika mstari wa pembe mraba na kioo:

kasi ya taswira = (2 × kasi ya kioo) − kasi ya kitu

Kasi zote tatu hupimwa kutoka ardhini, na upande mmoja huchaguliwa kuwa chanya, wa pili hasi. Kwa sehemu iliyo sambamba na kioo, kasi ya taswira ni sawa na ya kitu.

Mfano mzuri ni kioo cha ndani cha Haisi, kile kilicho juu ya kichwa cha dereva, ambacho kwa kawaida ni bapa. Gari liko barabara ya Bukoba kuelekea Muleba, likienda mita 10 kwa sekunde, yaani km 36 kwa saa. Mwelekeo wa gari uwe chanya.

Mti wa kando ya barabara ulioachwa nyuma una kasi sifuri. Taswira yake ina kasi ya (2 × 10) − 0, yaani mita 20 kwa sekunde kwenda mbele. Taswira hiyo iko nyuma ya kioo, yaani upande wa mbele wa gari, na inakwenda haraka kuliko gari, hivyo dereva huiona ikimwacha kwa mita 10 kwa sekunde. Ndiyo kasi ileile ambayo mti wenyewe unaachwa nayo nyuma.

Bodaboda inayofuata kwa mita 15 kwa sekunde ina taswira yenye kasi ya 20 − 15, yaani mita 5 kwa sekunde kwenda mbele. Ikilinganishwa na gari, kasi hiyo ni 5 − 10, yaani −5: taswira inamrudia dereva kwa mita 5 kwa sekunde, na bodaboda halisi nayo inamkaribia kwa mita 5 kwa sekunde. Kwa mwendesha bodaboda, taswira yake inamjia kwa 5 − 15, yaani mita 10 kwa sekunde.

Gari lingine linalofuata kwa mita 10 kwa sekunde lina taswira yenye kasi ya mita 10. Kwa dereva limesimama kiooni, haliongezeki wala halipungui.

Mifano hii mitatu inaonyesha faida ya kioo bapa barabarani: mtu anayesafiri pamoja na kioo huona kasi ya kweli ya kukaribiwa au kuachwa. Vioo vya pembeni vya magari mengi, na vya pikipiki nyingi, si bapa. Ni mbinuko, ili vionyeshe eneo pana zaidi. Kwa kioo mbinuko chenye umbali wa fokasi wa mita 0.7, bodaboda iliyo mita 20 nyuma inayokaribia kwa mita 5 kwa sekunde ina taswira inayosogea takriban mm 6 tu kwa sekunde. Bodaboda hiyohiyo ikiwa mita 2 kutoka kiooni, taswira husogea takriban sm 34 kwa sekunde. Chombo huonekana kidogo, kiko mbali na kimetulia, kisha ghafla kimefika. Dereva anayetaka kuhama upande hufanya vyema kuangalia kioo cha pembeni ili ajue kuna nani, na kioo cha ndani ili ajue anakuja kwa kasi gani.

Kioo kinazunguka

Mlango wa kabati wenye kioo ukifunguliwa, kioo huzunguka kwenye bawaba. Kioo kikizunguka kwa pembe fulani, mwale unaoakisiwa huzunguka kwa pembe maradufu, na taswira ya kitu kilichotulia hutembea kwenye duara ambalo kitovu chake ni bawaba. Taa iliyo mita 1 kutoka kwenye bawaba, mlango ukifunguka nyuzi 15 kwa sekunde, ina taswira inayozunguka nyuzi 30 kwa sekunde, sawa na mita 0.52 kwa sekunde. Ndiyo sababu chumba kizima huonekana kuyumba mlango unaposukumwa kidogo.

Mabaharia walilitumia jambo hili kwa muda mrefu. John Hadley aliwasilisha kifaa chake cha kupimia kimo cha jua na nyota mjini London mwaka 1731, nacho kilizaa sekstanti. Tao la sekstanti lina nyuzi 60 tu lakini hupimwa hadi 120, kwa sababu kila nyuzi moja ya kioo ni nyuzi mbili za mwale. Mfaransa Léon Foucault alitumia kioo kinachozunguka kasi kupima mwendo wa mwanga, na mwaka 1862 akapata km 298,000 kwa sekunde, karibu sana na thamani ya leo ya km 299,792.

Kitu kinachozunguka mbele ya kioo kilichotulia ni jambo jingine. Saa ya ukutani iliyo nyuma ya mteja wa saluni huonekana kiooni mishale yake ikirudi kinyume. Kusoma saa hiyo, muda unaoonekana hutolewa kwenye 12:00. Sura ikionyesha mshale mrefu kwenye 4 na mfupi umepita 8 kidogo, yaani 8:20, saa halisi ni 3:40: saa kumi kasoro dakika ishirini. Gurudumu la baiskeli inayopita sambamba na kioo, lenyewe, halionekani kuzunguka kinyume. Ekseli yake iko pembe mraba na kioo, taswira inakwenda upande uleule na baiskeli, na gurudumu la taswira linabiringika kama inavyopasa kwa mwendo huo.

Vioo viwili

Saluni nyingi zina kioo mbele ya mteja na kingine nyuma yake. Tuseme vioo viko mita 3 mbali kimoja na kingine, na mteja ameketi mita 1 kutoka kile cha mbele. Katika kioo cha mbele ataona msururu wa taswira zikiwa mita 1, 5, 7, 11 na 13 nyuma ya kioo, na kuendelea, kila moja ikififia kuliko iliyotangulia kwa sababu kila mwakisiko hupoteza mwanga kidogo.

Mteja akiinama mbele sm 10, taswira ya kwanza inamjia sm 10. Ya pili, inayoonyesha kisogo chake, haimjii: iko mita 5 na sm 10 nyuma ya kioo, imesogea upande uleule alikosogea yeye. Ya tatu inakuja, ya nne inakwenda. Mwakisiko mmoja hugeuza mwendo, wa pili huurudisha ulivyokuwa. Kwa hiyo taswira ya pili hubaki mita 6 kutoka kwa mteja daima, mara mbili ya nafasi kati ya vioo, hata akisogea vipi. Kinyozi akimsogeza mteja ili kisogo kionekane kwa karibu anapoteza muda. Akisogeze kioo kimojawapo.

Vioo viwili vilivyokutana kwenye kona kwa pembe mraba hutoa taswira tatu. Zile za kando ni za kawaida. Ya katikati imeakisiwa mara mbili, na mwendo wake wa mlalo hugeuzwa wote, wa kuelekea kioo cha kwanza na wa kuelekea cha pili. Mtu akienda mashariki, taswira hiyo inakwenda magharibi. Akienda kaskazini, inakwenda kusini. Kasi ya kukaribiana au kuachana nayo huwa maradufu mtu anapoelekea konani moja kwa moja au kuikimbia. Kikiongezwa kioo cha tatu sakafuni, mwale wowote hurudi ulikotoka. Viakisi vyekundu vya nyuma ya pikipiki na malori vimeundwa hivyo, na paneli iliyoachwa mwezini na Apollo 11 Julai 1969 ina prizimu 100 za namna hiyo zinazorudisha leza duniani.

Maji yaliyotulia

Ziwa Victoria likiwa shwari ni kioo bapa kilicholazwa, na bapa la hesabu sasa ni uso wa maji. Mdiria anayeelea hewani juu ya maji ana taswira iliyotulia. Akipiga mbizi wima na kufikia mita 8 kwa sekunde, taswira hupanda kwa mita 8 kwa sekunde na pengo hufunga kwa mita 16 kwa sekunde, viwili vikikutana majini. Jiwe lililoangushwa huongeza kasi kwa mita 9.8 kwa sekunde katika kila sekunde. Pengo kati yake na taswira hufunga kwa ongezeko la 19.6.

Kioo hiki nacho husogea. Kati ya Oktoba 2019 na mwisho wa Aprili 2020 maji ya ziwa yalipanda kwa takriban mita 1.3, na Mei 2020 kipimo cha maji cha Jinja, Uganda, kilifikia mita 13.42, juu ya rekodi ya mwaka 1964. Taswira ya mti wa ufukweni katika kipindi hicho ilipanda takriban mita 2.6, ingawa mti haukusogea. Ni kanuni ileile ya mafundi na kioo chao.

Tochi ya trafiki

Bamba la chuma la gari huakisi mawimbi ya rada kama kioo kinavyoakisi mwanga. Kwa tochi ya rada ambayo trafiki hupimia kasi, gari linalokuja ni kioo kinachosogea, na taswira ya tochi yenyewe inaijia kwa kasi maradufu ya gari. Kwa rada ya gigahezi 24.15, gari lenye km 50 kwa saa, ukomo wa kasi katika maeneo ya makazi Tanzania, hubadilisha frikwensi kwa takriban hezi 2,240. Kifaa hugawa kwa mbili kabla ya kuonyesha namba. Gari linalokuja kwa mshazari husomwa chini ya kasi yake, kwa kuwa ni sehemu ya mwendo inayoelekea tochini tu inayopimwa.

Mpangilio wa kukokotoa

Swali lolote la aina hii hufanywa kwa hatua nne.

1. Uchorwe mstari wa kioo na mstari wa pembe mraba nacho, na uchaguliwe upande chanya.
2. Kila kasi igawanywe sehemu mbili, ya pembe mraba na ya sambamba, zote zikipimwa kutoka ardhini.
3. Kanuni itumike kwa sehemu ya kwanza; sehemu ya pili inakiliwe kama ilivyo.
4. Isomwe kasi inayotakiwa: ikitakiwa kwa kulinganisha na kioo au na kitu, kasi ya kioo au ya kitu itolewe sehemu kwa sehemu.

Mfano: kioo kilichosimama wima, uso wake ukielekea kaskazini, kinabebwa kwenda kaskazini kwa mita 2 kwa sekunde. Mbele yake baiskeli inakwenda kwa mita 5 kwa sekunde, ikisogea mita 3 kusini na mita 4 mashariki kila sekunde. Kaskazini iwe chanya.

Sehemu ya pembe mraba ya taswira ni (2 × 2) − (−3), yaani mita 7 kwa sekunde kuelekea kaskazini. Sehemu ya sambamba ni mita 4 kuelekea mashariki. Kwa mtu aliyesimama kando, taswira ina kasi ya kipeuo cha pili cha 49 + 16, takriban mita 8.06 kwa sekunde. Kwa anayebeba kioo, sehemu ya kwanza ni 7 − 2, yaani 5, na kasi nzima ni kipeuo cha pili cha 25 + 16, takriban mita 6.40. Kwa mwendesha baiskeli, sehemu ya kwanza ni 7 − (−3), yaani 10, na ya pili 4 − 4, yaani sifuri. Kasi ni mita 10 kwa sekunde.

Jibu likaguliwe mara mbili. Kwa kulinganisha na kioo, kasi ya taswira lazima iwe sawa na ya kitu: baiskeli inakaribia kioo kwa 3 + 2, yaani 5, na inakwenda pembeni kwa 4, ambavyo pia hutoa takriban 6.40. Kwa kulinganisha na kitu, sehemu ya sambamba lazima iwe sifuri, na ile ya pembe mraba iwe mara mbili ya kasi ya kitu kukikaribia kioo: mara mbili ya 5 ni 10. Jibu lisilopita ukaguzi huu, kwa kawaida kosa lake liko kwenye alama ya chanya au hasi ya hatua ya pili.